Waliohama Kariakoo bila tarehe

Kuondoka kwa Wahindi wa Uganda kuna tarehe. Agosti 4, 1972, Idi Amin alitangaza kuwa hawatakiwi tena nchini mwake, akawapa siku 90, na mwaka haukuisha kabla Uingereza haijapokea watu wanaozidi 27,000 na Canada karibu 6,000. Zipo picha za uwanja wa ndege wa Entebbe, zipo orodha za abiria, na kila muongo ukitimia hufanyika kumbukumbu. Wahindi wa Dar es Salaam nao waliondoka katika miaka ileile, maelfu kwa maelfu, kutoka Uhindini, Upanga na Kariakoo. Hawakupewa siku 90 na mtu yeyote. Waliondoka familia moja moja: leo limefungwa duka la Mtaa wa Sikukuu, mwezi ujao la Mkunguni, na mteja akiuliza anaambiwa mwenyewe kasafiri. Hawakufukuzwa, hivyo hawakuitwa wakimbizi, na historia ya jiji hili imewapita kana kwamba hawakuwahi kufungua milango ile.

Naandika juu yao kwa sababu nusu ya mji tunaoutembea kila siku waliujenga wao, na namna walivyouacha inaeleza mengi kuhusu karatasi zinazoamua nani aende wapi.

Dar es Salaam ya wakoloni iligawanywa kwa rangi. Uzunguni kulikaa upande wa bahari, kwenye bustani na upepo. Uhindini palikuwa katikati, duka chini, makazi ghorofani. Waafrika walipimiwa viwanja Kariakoo na Ilala, na kati ya Uhindini na Kariakoo Waingereza wakaacha uwanja wa Mnazi Mmoja uwe mpaka. Biashara haikuuheshimu mpaka huo. Duka la Mhindi lilivuka Mnazi Mmoja mapema kufuata wateja, na kufikia miaka ya 1950 maghorofa ya Waismailia, Waithnaasheri, Mabohora na Mabaniani yalikuwa yamesimama bega kwa bega na nyumba za Kiswahili. Wengi waliandika kwa saruji, juu kabisa ya paji la nyumba, mwaka wa ujenzi na pengine jina la familia. Pale ambapo nyumba haijabomolewa, maandishi hayo bado yanasomeka.

Fedha ya kujengea haikutoka dukani peke yake. Mwaka 1946 Aga Khan wa Tatu alipimwa kwa almasi hapa Dar es Salaam kuadhimisha miaka 60 ya uimamu wake, na mfuko uliotokana na sherehe hiyo ukawa chombo cha kuwakopesha Waismailia mitaji na nyumba. Jina la Diamond Jubilee, ambalo leo vijana wanalijua kwa harusi na matamasha, linatoka huko. Familia ya muuza vitambaa iliweza kukopa, kujenga ghorofa mbili au tatu, kuishi moja na kupangisha zilizobaki ili kulipia deni. Mpango huo, wa kuishi juu na kupangisha chini, ndio uliokuja kuwaponza.

Kabla ya hapo lilikuja suala la uraia. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Bunge lilijadili muswada wa uraia na baadhi ya wabunge wakataka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere aliwapinga kwa ukali, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kupima uraia kwa rangi ya ngozi. Muswada ukapita. Aliyezaliwa Tanganyika na mzazi aliyezaliwa Tanganyika akawa raia moja kwa moja Desemba 9, 1961. Wengine wenye sifa walipewa miaka miwili ya kujiandikisha. Uraia wa nchi mbili ulikataliwa.

Kwenye karatasi utaratibu ulikuwa wazi, lakini ndani ya nyumba ulileta mgawanyiko. Chukulia familia moja ya Mtaa wa Narung'ombe. Babu alizaliwa Gujarat. Mwanawe alizaliwa Dar es Salaam, lakini kwa wazazi waliotoka ng'ambo, kwa hiyo alipaswa kuomba. Mke aliolewa kutoka Mombasa, naye alikuwa na pasipoti ya Uingereza. Mtoto aliyezaliwa 1962 alikuwa Mtanganyika tangu siku ya kwanza. Meza moja ya chakula, nchi mbili au tatu. Aga Khan wa Nne, aliyesimikwa hapahapa Upanga mwaka 1957, aliwahimiza wafuasi wake wachukue uraia wa nchi walizoishi, na wengi wakafanya hivyo. Katika jumuiya nyingine wapo waliositasita. Waliiweka pasipoti ya Uingereza kabatini kama akiba ya siku mbaya.

Akiba hiyo iliwaponyoka mwaka 1968. Wahindi wa Kenya walipoanza kumiminika London, Bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku tatu tu sheria iliyosema kwamba pasipoti ya Uingereza haitoshi. Mwenye nayo lazima yeye, mzazi wake au babu yake awe amezaliwa au kupewa uraia Uingereza kwenyewe. Ilianza kutumika Machi 1. Wale wasio na babu wa Kiingereza waliwekewa vocha 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Na mkuu wa familia, kwa tafsiri ya Waingereza, alikuwa mwanamume. Mke mwenye pasipoti ya Uingereza aliyeolewa na raia wa Tanzania hakuhesabiwa kuwa mkuu wa familia mume wake akiwa hai na mwenye afya. Watu wenye pasipoti halali walirushwa kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine bila nchi ya kuwapokea. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ikichunguza malalamiko ya Wahindi wa Afrika Mashariki, iliona kuwa kuwazuia kwa misingi ya rangi kulikuwa kuwadhalilisha. Foleni ya vocha iliendelea kwa miaka mingi baada ya hapo.

Basi hali ilikuwa hivyo ilipofika Aprili 1971. Miaka minne nyuma Azimio la Arusha lilikuwa limetaifisha mabenki na viwanda vikubwa na kuwakataza viongozi kupangisha nyumba. Januari 1971 Amin alimpindua Rais Obote wa Uganda, Februari chama tawala cha TANU kikatoa Mwongozo wake mkali, na miezi miwili baadaye Bunge likapitisha sheria ya kuchukua majengo. Kila jengo lenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi, ambalo mwenyewe halitumii lote kwa makazi yake, liliweza kuchukuliwa na serikali. Jengo lililozidi umri wa miaka kumi halikuwa na fidia. Baada ya muda mfupi majengo karibu 3,000 yalikuwa yamechukuliwa nchini, na sehemu kubwa mno ilikuwa ya Wahindi, ingawa sheria yenyewe haikutaja rangi ya mtu. Yakawekwa chini ya ofisi mpya, Msajili wa Majumba.

Waliofaidika walikuwapo, nao wana haki ya kusikika katika habari hii. Mtumishi wa serikali wa Kiafrika ambaye miaka kumi kabla asingeweza kuota chumba Upanga alipata fleti yenye bafu ndani kwa kodi anayoimudu. Mpangaji aliyekuwa akidaiwa kilemba kabla ya kukabidhiwa ufunguo alipumua. Ardhi ya katikati ya jiji ilikuwa imekaa mikononi mwa watu wachache wa asili moja tangu ukoloni, na serikali ya nchi huru isingeweza kuitazama hali hiyo milele. Nalisema hili kwa dhati. Lakini kipimo cha shilingi 100,000 kilimkumba tajiri mwenye majumba ishirini pamoja na mjane aliyeishi kwa kodi ya vyumba vya chini. Baadhi ya nyumba zilirudishwa baada ya rufaa. Nyingi hazikurudishwa, na aliyejenga ghorofa kwa mkopo aliamka akiwa mpangaji ndani ya nyumba yake mwenyewe, akipeleka kodi kwa Msajili.

Waziri wa Fedha wakati huo alikuwa Amir Jamal, Mhindi mzaliwa wa Mwanza na mmoja wa watu walioaminiwa sana na Nyerere. Mtu anayetaka kuisoma sheria ile kama chuki ya rangi tupu lazima ajibu swali la Jamal. Anayetaka kudai kwamba rangi haikuhusika kabisa, naye ana orodha ya majengo ya kujibu.

Wengi waliamua kuondoka. Hapo ndipo kizuizi kingine kilipoonekana, na hiki kilikuwa cha nyumbani. Shilingi ya Tanzania, iliyoanza kutumika 1966, haikuwa fedha ya kuvuka nayo mpaka. Kila senti ya fedha za kigeni ilihitaji kibali cha Benki Kuu, na msafiri aliruhusiwa kiasi kidogo tu. Uliweza kuuza duka, samani na gari, ukajaza shilingi sandukuni, usiweze kununua nazo hata wiki mbili za chumba Toronto. Masimulizi ya familia nyingi yanarudia mambo yaleyale: bangili za dhahabu zilizovaliwa hadi kwenye kiwiko, biashara iliyoachiwa karani au mpwa kwa ahadi ya mdomo. Uingereza ilikuwa imefunga mlango nusu. Canada, iliyoanza mwaka 1967 kuwapima wahamiaji kwa alama za elimu, umri na ufundi badala ya rangi, ikawa kimbilio la yeyote aliyejua uhasibu na Kiingereza.

Cuba nayo ilipitia jambo kama hili takriban muongo mmoja mapema, na kulinganisha kunasaidia. Oktoba 1960 serikali ya Fidel Castro ilitunga sheria ya nyumba za mijini, ikamfanya mpangaji wa Havana kuwa njiani kuimiliki nyumba anayokaa. Dar es Salaam mpangaji alibaki mpangaji. Aliyebadilika ni mwenye nyumba. Mkuba aliyetaka kuhama alihitaji kibali cha kutoka, sharti lililodumu hadi Januari 2013, na alipoondoka nyumba yake ilichukuliwa. Tanzania Bara haikuweka ukuta wa aina hiyo. Mtu alitoka, fedha zake zikabaki. Tofauti kubwa zaidi ilikuwa ng'ambo. Mkuba aliyetua Miami alikuta sheria ya Marekani ya 1966 inayomfungulia njia ya ukaazi wa kudumu, kwa sababu alikuwa amekimbia ukomunisti na Marekani ilitaka ulimwengu ulione hilo. Mwenye pasipoti ya Uingereza kutoka Mtaa wa Kongo alikuta sheria ya Uingereza ya 1968 inayomfungia. Mmoja aliitwa mkimbizi, mwingine akaitwa tatizo la uhamiaji, na wote wawili walikuwa wameziacha nyumba walizojenga mikononi mwa serikali za kijamaa.

Kariakoo nayo haikubaki ileile. Jengo jipya la soko lililobuniwa na Beda Amuli lilipanda mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970, likafunguliwa 1975. Mwaka uliofuata Operesheni Maduka ilifunga maduka ya watu binafsi ili ushirika na makampuni ya biashara ya mikoa yachukue nafasi. Haikudumu, lakini ilimalizia uvumilivu wa wenye maduka waliosalia. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha msako wa wahujumu uchumi, wengi wakawekwa ndani, na wimbi jingine likaondoka. Masharti yalipolegezwa kuanzia 1984, fremu za Kariakoo zilijaa Wachaga, Wakinga na Wapemba.

Wapemba nao walikuwa na habari yao ya kuhama. Kwa miaka 40 Tanzania ilikuwa imewapokea Wanyarwanda, Warundi, Wakongo, Wamsumbiji na wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, na ikajivunia hilo kwa haki. Lakini Januari 2001, baada ya polisi kuwaua waandamanaji Pemba na Unguja, Wapemba zaidi ya 2,000 walivuka kwa mashua hadi Shimoni, Kenya, wakaandikishwa kuwa wakimbizi. Hao walipata jina rasmi walilolikosa Wahindi wa Narung'ombe, wakapata na mahema pamoja na wahudumu wa Umoja wa Mataifa, kisha wengi wakarudi.

Ng'ambo, Dar es Salaam iliendelea kuishi katika maghorofa ya Don Mills, Toronto. M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi 1950 na kukulia Dar, aliondoka 1970 kwenda kusoma fizikia Marekani na kuhamia Canada 1978. Riwaya yake ya kwanza, The Gunny Sack, ya mwaka 1989, imejaa Kariakoo. Mwaka 1994 alikuwa mshindi wa kwanza kabisa wa Tuzo ya Giller, tuzo kubwa ya fasihi ya Canada. Ni jambo la kusikitisha kwamba mtoto wa shule wa Gerezani anaweza kumaliza kidato cha sita bila kulisikia jina lake. Amir Jamal mwenyewe, aliyeitumikia nchi kama waziri kwa muda mrefu, alifariki Vancouver mwaka 1995.

Ofisi ya Msajili wa Majumba iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990, na fedha za kigeni zikaachiwa mwaka 1992. Pasipoti mbili bado ni marufuku. Mwanzoni mwa 2025 Bunge lilipitisha mabadiliko ya sheria za uhamiaji na ardhi yanayowapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine. Mjukuu wa mwenye duka wa Mtaa wa Sikukuu, mwenye pasipoti ya Canada, ataweza kuomba kuingia, kukaa na kutumia ardhi kwa masharti yaliyowekwa. Hataweza kupiga kura. Kuhusu jengo lenye jina la babu yake, kama bado limesimama, hadhi hiyo haimpi dai lolote. Akitaka kuishi humo ataomba upangaji kwa Shirika la Nyumba kama mtu mwingine yeyote.