Akiba ya Uzeeni ya Watumishi wa Serikali za Mitaa Marekani

Akiba haiozi, walisema wahenga. Walakini yaweza kuliwa na wadai. Sheria ya mapato ya Marekani ya mwaka 1978 iliwapa watumishi wa serikali za mitaa njia ya kuweka sehemu ya mishahara, juu ya pensheni yao, isitozwe kodi ya mapato mpaka watakapoipokea. Lakini fedha hizo zilihesabiwa kuwa mali ya mwajiri. Desemba 1994 serikali ya Orange County, California, ilifilisika, na watumishi wakatambua kuwa akiba yao yaweza kulipia madeni wasiyoyakopa. Ndipo sheria ya mwaka 1996 ikaamuru akiba hizo ziwekwe amana, kwa faida ya wenyewe na warithi wao tu.