Ayuba bin Suleiman: Alikwenda Mtoni Kuuza, Akauzwa



Ndugu zangu katika imani, kisa cha Ayuba bin Suleiman Diallo tunakipenda, lakini wengi tunakisimulia nusu. Leo tukisome chote.

Ayuba alikuwa Mfulani wa Bundu, katika Senegal ya leo, mtoto wa mwanachuoni. Kusini yao upo mto Gambia. Karibu na mdomo wake Waingereza walikuwa na ngome kisiwani, waliyoiteka mwaka 1661, na huko juu walikuwa na vituo kama Joar, ambako manahodha walinunua watu.

Mwaka 1730 baba yake alimtuma mtoni anunue karatasi, na auze watumwa wawili. Hapa ndipo wengi tunaporuka! Hakuafikiana bei na nahodha Pike, akavuka mto, akawabadilisha wale wawili kwa ng'ombe. Akiwa njiani kurudi, Wamandinka wakamvamia, wakamnyoa kichwa na ndevu aonekane mateka wa vita, wakampeleka Joar. Aliyemnunua, Februari 1731, ni Pike yuleyule. Baba yake alituma fidia, nayo ilikuwa watumwa wengine. Ilifika merikebu imeshang'oa nanga.

Maryland, huko Marekani, alikuwa akijificha msituni kuswali, na mtoto akimtupia uchafu usoni. Akatoroka, akafungwa. Barua yake ya Kiarabu kwa baba yake ikafika mikononi mwa wakubwa wa London, wakamkomboa. Akiwa Uingereza aliandika misahafu mitatu kwa hifdhi yake. Subhanallah!

Mwaka 1734 akarudi Gambia. Baba yake alikuwa amefariki, akalia sana. Lakini Mwingereza aliyekuwa naye, Francis Moore, aliandika kwamba katika manunuzi yake ya mwanzo Ayuba alinunua farasi wawili na mjakazi mmoja.

Ndugu zangu, sisemi haya kumtukana marehemu. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa anayemuuza muungwana akala thamani yake, Mwenyezi Mungu ndiye hasimu wake Siku ya Kiyama. Qur'ani nayo imekuita kumwacha huru mtumwa kuwa ni kuipanda njia ya mlimani. Ayuba aliujua msahafu mzima kwa moyo. Basi jiulize: mimi niliyedhulumiwa jana, leo ninamdhulumu nani? Yule binti anayefanya kazi nyumbani kwangu, mshahara wake nimemlipa?

Allah atujaalie elimu yenye kutunufaisha. Aamin. Wallahu a'lam.