Reli iliyong'olewa Singida bila mtu kuulizwa

Wikiendi iliyopita nilikuwa Mtinko. Kwa wasiopajua, ni mji mdogo kaskazini mwa Singida mjini. Nikiwa nasubiri gari, natazama vijana wakipakia magunia ya alizeti kwenye fuso, nikakumbuka jambo ambalo shuleni sikulisikia: huku kaskazini kuliwahi kuja reli.

Ndiyo, reli. Miaka ya 1930 Mwingereza alijenga tawi kutoka Manyoni, kwenye Reli ya Kati, likapita Singida hadi Kinyangiri, ambayo leo ipo wilaya ya Mkalama.

Haikukaa sana. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, ikaanzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kusini ikatakiwa reli mpya, na vyuma vilikuwa adimu. Vikaonekana Singida. Reli ikang'olewa, vifaa vikapelekwa kusini. Mwaka 1951 mradi wa karanga ukafutwa. Miaka ya 1960 reli ya kusini nayo ikang'olewa. Baada ya uhuru treni ilirudi Singida mjini, lakini kwenda Kinyangiri haikurudi tena.

Hebu ona kichekesho chake, msomaji wangu. Reli iliondolewa Singida kwa ajili ya mafuta ya kula. Leo Singida ndiyo inayosifika kwa mafuta ya alizeti, na mbegu zake huku zinasafiri kwa fuso!

Sasa linganisha na New York. Kule reli ya juu iitwayo High Line ilifunguliwa mwaka 1934, miaka ile ile ya reli yetu. Treni ya mwisho ilipita mwaka 1980, majani yakaota. Wenye viwanja chini yake walitaka ibomolewe. Mwaka 1999 wakazi wawili, Joshua David na Robert Hammond, walikutana kwenye mkutano wa mtaa, hawajuani, wakaanzisha kikundi cha kuitetea. Walibishana na ofisi ya meya, wakaenda hadi mahakamani. Mwaka 2009 sehemu ya kwanza ilifunguliwa kama bustani ya kutembea.

Mtasema wale wana hela. Kweli. Lakini hawakuanza na hela, walianza na kikao. Na mwaka huo huo wa 1999 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, inayoupa mkutano mkuu wa kijiji sauti katika ugawaji wa ardhi ya kijiji. Hifadhi ya reli ni suala jingine, iko mikononi mwa serikali. Ila kuuliza hakukatazwi: hili tuta la zamani ni la nani? Linaweza kuwa njia ya baiskeli, ya watoto kwenda shule mbali na malori, au mstari wa miti?

Babu zetu hawakuulizwa, walikuwa chini ya mkoloni. Sisi tuna diwani, tuna mbunge, tuna mkutano wa kijiji. Popote reli ilipokufa nchini, tukinyamaza hadi ukanda wake umegawanywa viwanja, hapo hatutakuwa na Mwingereza wa kumlaumu.