Mazoezi kwa sanamu: dakika tano kila juma zinapita formasio ya siku moja

Mtoto akizaliwa bila kupumua, munganga na muuguzi wana dakika moja tu ya kumuanzishia pumzi. Dakika hiyo si ya kufungua kitabu. Ni mikono yenye inapashwa kujua kazi: kukausha mtoto, kumusugua mgongo, kunyoosha njia ya hewa, kisha kumupulizia hewa kwa ambu, ule mfuko wa kukamua wenye maski.

Sasa mikono ijifunzie wapi, bila kuhatarisha mtoto wa mtu? Njia moja ni kuigiza. Mwaka 1960, Asmund Laerdal, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea huko Norway, alitoa Resusci Anne, sanamu ya mtu mzima ya kujifunzia kupulizia mgonjwa pumzi mdomo kwa mdomo. Leo kuna sanamu za bei kali zinazoongozwa na kompyuta. Lakini kuna pia NeoNatalie, mtoto wa plastiki wa kujazwa maji, anayetumiwa katika programu ya Helping Babies Breathe iliyoanza 2010.

Lopitali ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania, ilipata fundisho kubwa. Kisha formasio ya siku moja, wafanyakazi walifanya vizuri mbele ya sanamu. Kwa watoto wenyewe, kazi haikubadilika.

Ndipo wakageuza namna. Sanamu ikaletwa karibu na chumba cha kuzalishia, na mazoezi yakawa mafupi, dakika tatu mpaka tano, kila juma. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 mpaka 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Kila zoezi linamalizika kwa mazungumzo: nini kilienda vizuri, wapi tulichelewa, nani aliona shida na akanyamaza? Hapo hakuna kutukanana. Munganga mkubwa naye anakubali kusahihishwa na muuguzi, sababu kosa la mbele ya sanamu halimuui mtu.

Kwa hiyo, brevet ya ukutani peke yake haitoshi. Sanamu ikifungiwa ndani ya kabati ya mkuu, haifundishe mtu. Ikae karibu na meza ya mtoto, iwe na saa yake kila juma, na wale wa zamu ya usiku wasisahauliwe.