Kutoka Jadotville hadi Kasapa: wafungwa wanaomngoja hakimu

Januari 1960 mpigania uhuru Patrice Lumumba aliletwa Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, kutumikia kifungo cha miezi 6 alichohukumiwa Stanleyville. Hakumaliza hata wiki. Kule Brussels mkutano wa Meza ya Duara, wa kujadili uhuru wa Kongo, ulikuwa umeanza, wajumbe wa Kongo wakasisitiza awepo, na Wabelgiji wakamtoa gerezani na kumpandisha ndege.

Mhubiri Simon Kimbangu hakupata bahati kama hiyo. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo mwaka 1921, mfalme akabadilisha adhabu iwe kifungo cha maisha, naye akakaa katika gereza la Elisabethville, Lubumbashi ya leo, miaka 30, hadi alipofariki Oktoba 12, 1951. Nawaweka hawa wawili pamoja kwa sababu tangu enzi za Bula Matari, yaani dola la kikoloni, muda wa mtu kukaa buloko, gerezani, huku Katanga umefuata zaidi utashi wa mwenye faili kuliko uzito wa kosa. Mkoloni alifunga watu kwa kodi ya kichwa. Aliwafunga pia kwa kuvunja mkataba wa kazi, kosa ambalo kwingine lingekwisha kwa faini au kwa kufukuzwa.

Sheria ya kuzuia watu kukaa hivyo gerezani, na msongamano unaotokana na hilo, si ngeni. Kanuni ya mwenendo wa makosa ya jinai ya Agosti 6, 1959 inasema kumzuia mtu kabla ya hukumu ni jambo la nadra. Hati ya muda ya parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, ni ya siku 5. Baada ya hapo ni lazima hakimu aamue: siku 15 kwanza, kisha mwezi mmoja mmoja, na kila mara atoe sababu. Katiba ya 2006 nayo inaipa polisi saa 48 tu. Hata hivyo walio wengi katika magereza ya Kongo hawajahukumiwa. Kwa mfano, mtu wa Mwadingusha, kando ya mto Lufira, anayeshitakiwa kwa kosa zito hupelekwa Likasi, mbali na ndugu zake, na ndugu hao ndio wenye kumletea chakula. Asiye na wa kumletea hubaki na vungule, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, siku ikipatikana.

Gereza la Kasapa, Lubumbashi, lilikusudiwa watu 800. Septemba 7, 2011 watu wenye silaha walilivamia, wafungwa zaidi ya 900 wakatoroka, akiwamo Gédéon Kyungu Mutanga, kiongozi wa wanamgambo wa Mai-Mai aliyekuwa amehukumiwa kifo. Septemba 2020 lilizuka jambo baya zaidi. Gereza lilikuwa na watu wapatao 2,000. Wafungwa waliasi, wakachoma upande wa wanawake, na kwa siku tatu wanawake wengi wakabakwa mfululizo, kwa kuwa hapakuwa na mahali salama pa kuwaweka. Msongamano ni hatari namna hiyo: siku ghasia zikianza, wa kwanza kuumia ni wanyonge.

Usiku wa kuamkia Septemba 2, 2024 zamu ya ghasia ikawa ya Makala, Kinshasa, gereza la watu 1,500 lililokuwa limefikisha zaidi ya 12,000. Serikali ilitangaza vifo 129, wengi wao kwa kukanyagana na kukosa hewa.

Jibu mojawapo la serikali lilikuwa kujenga magereza mapya. Lakini mwaka mmoja kamili baada ya Makala, Septemba 2, 2025, Mahakama ya Kasasheni (Cour de cassation) ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, miaka 3 ya kazi ngumu kwa kufuja mamilioni ya dola za gereza jipya la Kisangani. Yeye alikana mashtaka.

Gereza jipya, hata likijengwa kwa uaminifu, litajaa vilevile iwapo faili zinalala parke. Naamini kazi inapaswa kuanzia hapo. Mahakimu wasikilize kesi ndani ya gereza lenyewe, jambo lililokwisha kufanyika mara kadhaa nchini, ila liwe la kila mwezi. Aliyetumikia robo ya kifungo, ikiwa imepita miezi 3, sheria ya adhabu inaruhusu aachiwe kwa masharti. Orodha ya watu hao itengenezwe na wakuu wa magereza bila kungoja ombi la wakili, kwani maskini hana wakili. Na mahakama ya Likasi ipewe gari na mafuta ya kutosha, ifike Mwadingusha na vijiji vya Lufira, isikilize shauri pale kosa lilipotendeka, mbele ya mashahidi wasio na nauli ya kwenda mjini.