Husuni Isiyokuwa Ngome

Kwa kuhesabu majina, Kilwa Kisiwani ina ngome tatu: Gereza, Husuni Kubwa na Husuni Ndogo. Gereza halina utata. Waomani walilijenga mwanzoni mwa karne ya 19 palepale walipokuwa wameweka ngome yao Wareno mwaka 1505, na watu wa pwani waliposema gereza walimaanisha ngome, kabla neno hilo halijabaki na maana ya jela peke yake. Matata yako kwenye zile nyingine mbili. Husuni ni neno lililotoka Uarabuni, na maana yake ni ngome vilevile. Lakini ile iitwayo Kubwa, ambayo ndiyo fahari ya magofu yote ya Kisiwani, haikujengwa kwa vita. Ilikuwa nyumba ya sultani na ghala la biashara yake. Ninavyoona, jina lake halikutoka kwa waliolijenga jengo wala kwa waliokaa humo. Lilitoka kwa watu wa baadaye sana, waliolikuta likiwa gofu, nao walilipata kwa jirani yake mdogo.

Tuanze na jengo lenyewe, kwa sababu kuta hazijui kusema uongo kama majina. Liko juu ya genge mashariki ya mji wa kale, zaidi ya kilomita moja kutoka Msikiti Mkuu. Mwanaakiolojia Neville Chittick alilichimbua katika miaka ya 1960, na kitabu chake kuhusu Kilwa kikatoka mwaka 1974. Alichokikuta ni vyumba vipatavyo 100. Upande wa kaskazini, unaotazama bahari, kuna makao: kumbi ndefu, vidaka vya taa ukutani, ua wenye ngazi pana ambazo watu wangeweza kuzikalia wakati wa baraza, na birika la kuogea la pembe nane lililojengwa kwa ustadi ambao haujaonekana kwingine katika pwani ya zama zile. Baadhi ya vyumba viliezekwa kwa kuba. Upande wa kusini kuna ua mpana uliozungukwa na vyumba vidogo vilivyopangwa safu kwa safu, mpango unaofaa kuweka bidhaa na kupokea wafanyabiashara kuliko kulaza askari. Ukutani hakuna minara wala matundu ya kurushia mishale, na nje hakuna handaki. Na kule baharini, mahali ambapo adui angetokea, kuna ngazi za kushukia majini.

Mtu atasema genge lenyewe ni ulinzi tosha. Hoja hii ina uzito upande mmoja tu wa nyumba, ule wa bahari, na hata huko ngazi zinaidhoofisha. Upande wa nchi kavu ardhi ni tambarare, naye mtawala aliyelala mbali hivyo na mji wake, bila mnara hata mmoja, hakuwa mtu wa kuogopa usiku. Genge lilimpa upepo, lilimpa kuona majahazi kabla hayajafika bandarini, na lilimfanya aonekane na kila nahodha aliyeingia. Kwa tajiri wa dhahabu hayo yalikuwa na faida kubwa kuliko boma.

Tajiri huyo tunamjua kwa jina. Katika uchimbuaji yalipatikana maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye jiwe, yakimtaja al-Hasan bin Sulaiman kwa cheo cha al-Malik al-Mansur, yaani mfalme aliyepewa ushindi. Cheo cha namna hiyo kilikuwa mtindo wa masultani Warasuli wa Yemen, na ukoo wa al-Hasan, Wamahdali, ulijinasibisha na Yemen. Jiwe moja linaweza kuhamishwa, ni kweli, na kama ushahidi wote ungekuwa hilo jiwe ningesita. Lakini kuba za Husuni Kubwa zinafanana na zile za sehemu iliyoongezwa kwenye Msikiti Mkuu katika enzi hiyohiyo, kwa namna ambayo ni vigumu kuieleza bila kukubali kuwa zilitoka kwenye mikono ya mafundi wale wale. Fedha za ujenzi nazo zinajulikana zilikotoka. Kilwa ilishika njia ya dhahabu ya Sofala, na sarafu ya shaba ya al-Hasan ilifika hadi Great Zimbabwe, ndani kabisa ya bara.

Pingamizi kubwa zaidi ni la shahidi aliyefika mwenyewe. Ibn Battuta aliitembelea Kilwa mwaka 1331, sultani akiwa huyohuyo al-Hasan, akamsifu kwa ukarimu wake hata akataja lakabu yake ya Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Lakini kuhusu mji anasema ni mzuri na umejengwa kwa mbao. Nyumba ya mawe yenye vyumba mia, juu ya genge, ingempita vipi msafiri aliyezoea kusimulia kila jumba la kila sultani? Majibu yako mawili, na hayapingani. Kwanza, Ibn Battuta alimsimulia mwandishi wake habari hizi zaidi ya miaka 20 baadaye, kisha alizungumzia mji kwa ujumla, na nyumba nyingi za mji kweli zilikuwa za miti na udongo. Pili, kuna dalili kwamba Husuni Kubwa haikumalizika na kwamba ilikaliwa kwa muda mfupi tu. Mwaka 1331 huenda ilikuwa bado uwanja wa mafundi na tanuri za chokaa. Kimya cha msafiri hakiwezi kulibomoa jengo lililopo.

Sasa jina. Anayetaka kulitetea atakimbilia tarehe ya Kilwa kama ilivyosimuliwa na Mreno João de Barros katika kitabu kilichotoka mwaka 1552. Humo anatajwa mfalme wa zamani, Sulaiman bin al-Hasan, aliyejenga ngome ya mawe na chokaa yenye kuta na minara, wakati nyumba karibu zote zilikuwa za mbao. Je, si hii husuni yenyewe? Jina linalingana, na fahari inalingana. Lakini minara hailingani. Husuni Kubwa haina hata mmoja, na mfalme huyo katika masimulizi anatangulia mbali al-Hasan wa maandishi ya jiwe. Aliyesoma habari ile kisha akatazama magofu yote mawili atageuza macho kuelekea ng'ambo ya korongo linaloyatenganisha, kwenye Husuni Ndogo: uzio wa mstatili wenye kuta nene, na minara imechomoza kwenye kuta hizo. Sisemi kwamba Husuni Ndogo ndiyo ngome ya Sulaiman. Wataalamu wenyewe wamebishana kama ilikuwa kambi, soko au ghala. Ninachosema ni kwamba kwa sura ndiyo pekee kati ya hizo mbili ambayo mpita njia angeiita ngome bila kufikiri.

Na hapo jina linajifichua. Kubwa na Ndogo ni majina ya jozi. Hayawezi kutolewa na mtu anayejua kwamba hili ni jumba la sultani na lile ni kitu kingine. Hutolewa na mtu anayeona magofu mawili jirani, kichakani, akidhani ni ya aina moja na tofauti yao ni ukubwa. Kisiwani kuna mfano mwingine wa tabia hiyo: jumba la masultani wa karne ya 18 linaitwa Makutani, kwenye makuta, jina la mtu aliyetazama kuta zilizobaki. Maelezo mepesi, basi, ni kwamba neno husuni lilianzia kwenye jengo lenye minara, likavuka korongo, likaliangukia jumba lililokuwa limekwisha kupoteza wenyewe. Kwamba leo lile lililokopa ndilo linaloitwa Kubwa, na lenye haki ya jina limebaki kuwa Ndogo, ni mzaha ambao sidhani kama kuna aliyeukusudia.

Limebaki pingamizi moja ninaloliheshimu. Huko Oman neno hisn, asili ya husuni, halimaanishi ngome ya askari peke yake. Huitwa hivyo pia makao yenye boma ya imamu au liwali, ambamo huhukumu, hupokea wageni na kuweka nafaka ya kodi. Kama Waomani waliotawala Kilwa tangu mwishoni mwa karne ya 18, au watu waliokaa nao, ndio waliolitumia jina hilo, basi walikuwa karibu na ukweli kuliko nilivyowapa: walijua kwamba mkubwa aliishi hapo. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Inaeleza kwa nini jina halikuwakera watu waliojua Kiarabu vizuri. Haielezi minara iliyokosekana, wala haielezi kwa nini uzio wa ng'ambo, ambao haukuwa na kumbi za makao kama zile, ulipewa jina hilohilo.