Jiko la Mkaa na Ukuaji wa Jiji: Historia ya Moto wa Nyumbani kutoka Kariakoo hadi Segerea

Jiko la mkaa ni kifaa cha mjini. Kauli hiyo huenda ikamshangaza msomaji aliyezoea kusikia mkaa ukitajwa kuwa ni mabaki ya maisha ya shamba, lakini historia ya Dar es Salaam inaithibitisha. Kijijini, ambako kuni huokotwa bila malipo, chakula kimepikwa kwa karne nyingi juu ya mafiga, yaani mawe matatu yanayobeba chungu. Mkaa, ambao ni kuni zilizounguzwa penye hewa haba hadi maji na sehemu kubwa ya moshi vikaondoka, ulipata soko kubwa pale watu walipoanza kuishi katika vyumba vya kupanga, mbali na msitu, wakahitaji nishati iliyo nyepesi kusafirishwa na isiyowafukiza moshi wapangaji wenzao wanaotumia ua mmoja. Segerea, kata ya Wilaya ya Ilala iliyo kwenye barabara inayotoka Tabata kuelekea Kinyerezi, ni mahali pazuri pa kuisomea historia hiyo, kwa kuwa upande mmoja inatazamana na Kariakoo na Gerezani, ambako majiko hutengenezwa, na upande mwingine na vilima vya Pugu, ambako mkaa wa jiji ulichomwa kwa miaka mingi.

Asili ya jiko la bati huhusishwa na mafundi na vibarua wa Kihindi waliofika Afrika Mashariki wakati wa ujenzi wa reli ya Uganda, kati ya 1896 na 1901, na ambao walikuja na desturi ya kupikia kwenye chombo cha chuma kinachobebeka. Mafundi Waafrika waliichukua kazi hiyo na kuifanya yao. Huko Gerezani bado inafanyika kwa nyundo na tindo: pipa la mafuta lililokwisha kazi hupasuliwa na kunyooshwa, kingo zake hukunjwa na kufungamana bila kuchomelewa, kisha katikati huwekwa sahani yenye matundu inayobeba makaa juu na kupitisha majivu chini, ambako kuna mlango mdogo wa kuongeza au kupunguza hewa. Hakuna sehemu ya jiko hilo ambayo mpishi huiagiza kutoka mbali, na likiharibika hutengenezwa mtaani.

Wapishi wa pwani nao walilitumia jiko hilo kwa namna ambayo watunga sera wameipuuza mara kwa mara. Wali au pilau ikikaribia kukauka, makaa machache hutolewa jikoni na kupaliwa juu ya kifuniko, ili chakula kipate moto juu na chini. Kwa njia hiyo hiyo huokwa mkate wa kumimina katika nyumba isiyo na oveni. Makaa hayo hayo huwekwa katika chetezo, chombo cha kufukizia udi na ubani, na kabla umeme haujaenea yalijaza pasi ya mkaa iliyonyoosha sare za shule. Mzazi aliye ndani ya arubaini yake, yaani siku arobaini baada ya kujifungua, hukandwa kwa maji yaliyochemshwa juu ya jiko, na katika familia nyingine huota moto wake. Haya ndiyo matumizi yaliyo karibu zaidi na kupasha nyumba joto katika jiji lisilo na majira ya baridi. Tofauti na majiko ya makaa ya mawe ya Ulaya, ambayo yalijengwa ukutani pamoja na dohani ya kutolea moshi, jiko la pwani halikuwekewa dohani kwa sababu mahali pake ni uani au barazani. Desturi hiyo ina maana kubwa: katika nyanda za baridi kama Makete na Lushoto, jiko linapoingizwa katika chumba kilichofungwa ili kuwapa joto waliolala, hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu usingizini.

Gharama ya moto huo ililipwa kwanza na misitu ya jirani. Sensa ya 1967 iliwakuta Dar es Salaam watu 272,821, na ile ya 2022 ikawakuta 5,383,728. Katika muda huo misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi ilishambuliwa na wachoma mkaa, ambao hupanga magogo, huyafunika kwa nyasi na udongo na kuyaunguza taratibu kwa siku kadhaa. Tanuri hilo la udongo halina gharama ya fedha, lakini hula mti mwingi, kwa kuwa mkaa unaopatikana kwa kawaida ni kati ya asilimia 10 na 20 tu ya uzito wa kuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ulipima jinsi uharibifu ulivyosogea: mwaka 1991 eneo ambalo uchomaji mkaa ulitawala lilikuwa ndani ya kilomita 20 kutoka jijini, na kufikia 2005 lilikuwa limefika kilomita 50.

Wakati huo huo hatua za serikali, zilizochukuliwa kwa nia njema, hazikumpa mpishi njia nyingine. Mwanzoni mwa 2006 biashara ya mkaa ilipigwa marufuku, ikaruhusiwa tena baada ya muda mfupi kwa sababu jiji halikuwa na cha kupikia. Taarifa ya Benki ya Dunia ya 2009 ilionyesha kwamba kati ya 2001 na 2007 kaya za Dar es Salaam zinazotegemea mkaa zilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71, na kwamba jiji hilo peke yake lilikuwa likitumia karibu nusu ya mkaa wa nchi nzima. Kisha, katika mwaka wa fedha 2011/12, ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa ili kuzuia uchakachuaji, yaani kuchanganya mafuta hayo na dizeli, na jiko la utambi, lililokuwa mshindani wa kweli wa mkaa katika chumba cha kupanga, likawa ghali kwa maskini. Mkaa ulibaki na sifa ambayo nishati nyingine hazikuwa nayo: uliuzwa kwa gunia, kwa debe na hata kwa kopo, kulingana na fedha iliyopatikana siku hiyo.

Juhudi iliyofanikiwa zaidi ni ile iliyolikubali jiko kama lilivyo na kuliboresha. Nchini Kenya, baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya uliofanyika Nairobi mwaka 1981, wabunifu walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand na kuunda jiko lenye kiuno chembamba, ambalo ndani yake limewekwa udongo uliochomwa ili joto lisipotee kupitia bati. Jiko la namna hiyo lilienezwa Dar es Salaam kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa jina la jiko bora, na shirika la TaTEDO, lililoanzishwa mwaka 1990, liliendeleza kazi hiyo kwa kuwafunza mafundi. Jiko hilo lilipunguza mkaa unaotumika, likauzwa sokoni kama bidhaa nyingine yoyote, na leo watu wengi wanaolinunua hawajui kwamba liliwahi kuwa mradi.

Sasa jiji limeingia katika awamu nyingine. Bomba la gesi asilia kutoka Mtwara lilikamilika mwaka 2015, na mitambo ya Kinyerezi, jirani kabisa na Segerea, hufua umeme kwa gesi hiyo, ingawa majirani wengi wa mitambo hiyo wameendelea kununua mkaa. Mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu wengi, yakiwemo magereza kama lile la Segerea, zimetakiwa kuacha kuni na mkaa. Majumbani mabadiliko ni ya polepole zaidi: gesi ya mtungi huchemsha chai na kupasha kiporo, lakini maharage na makande, ambayo hukaa motoni kwa saa nyingi, bado hupelekwa kwenye mkaa.

Miongoni mwa nishati mbadala zinazohimizwa ni vitofali vya Rafiki Briquettes, ambavyo Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, hutengeneza kutokana na makaa ya mawe yaliyosindikwa ili kupunguza moshi. Vitofali hivyo vinaweza kuokoa misitu, lakini vinawafikia watu ambao majiko yao hayakuundwa kwa ajili ya makaa ya mawe na hayana dohani. Uingereza iliyapikia na kuyaota makaa ya mawe kwa vizazi vingi kabla ya moshi mzito uliofunika London mwezi Desemba 1952 kuua maelfu ya watu na kulilazimisha bunge kutunga sheria ya hewa safi mwaka 1956. Kwa hiyo vipimo vya moshi wa vitofali hivyo vinapaswa kufanyika katika vyumba vya kupanga vya Segerea, Vingunguti na Temeke, ambako mvua ikinyesha jiko huhamishwa kutoka uani na kuwekwa ukumbini, mlangoni pa vyumba vya wapangaji.